Chupa ya Kumi na Mbili

Kiwanda kilikuwa na mabosi wawili, mmoja hai na mmoja wa kwenye picha. Yule wa kwenye picha ndiye aliyekianzisha. Alining'inizwa juu ya mlango wa ofisi akiwa amekunja uso, kama mtu aliyeharakishwa na mpiga picha. Yule aliye hai alikuwa mwanawe, na wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, ingawa alimzidi marehemu baba yake kwa kimo, kwa kitambi na kwa maneno.

Walitengeneza vioo vya chupa za chai. Watu wengi wana chupa ya chai nyumbani na hawajui kilichomo ndani yake mpaka siku inapoanguka na kusikika ule mlio wa kusikitisha. Basi kilichomo ni chupa mbili, moja ndani ya nyingine, zimeunganishwa mdomoni, na kati yao pana nafasi nyembamba ambayo hata kidole cha mtoto hakipiti. Chini ya ile ya nje hutoka mrija mwembamba unaoitwa mkia. Kwa mkia huo kwanza huingia dawa ya fedha, hutingishwa mpaka kuta za ndani zing'ae kama kioo cha kujitazamia, kisha dawa humwagwa. Baada ya hapo hewa hunyonywa kwa pampu hadi pabaki ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa yenyewe. Halafu mkia huchomwa kwa moto ukajifunga, na kazi imekwisha.

Chumba cha fedha kilikuwa cha Vidole. Si cha kwake kwa hati, lakini alikuwa amekitumikia miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeingia humo bila kupiga hodi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo ncha zake zilikuwa nyeusi tititi. Dawa ya fedha ina tabia hiyo: ikikudondokea leo huoni kitu, kesho ukitoka juani doa linaiva jeusi, na huwezi kulitoa kwa sabuni wala kwa jiwe. Huondoka ngozi inapoondoka. Glavu walipewa, ila glavu na kioo chenye maji haviivani, na chupa ikiteleza ni hasara. Kwenye harusi wageni walidhani amepaka hina ikaungua.

Kila asubuhi alichanganya dawa mpya kwenye jagi moja na maji ya sukari kwenye jagi jingine, kwa sababu bila sukari fedha haishuki ukutani. Iliyobaki jioni aliimwaga, maana dawa hiyo ikilala hugeuka kali na inaweza kulipuka. Wenzake walikuwa wawili, Mama Miwani na msichana mmoja mrefu aliyekuwa akiimba kutwa nzima. Vidole alimvumilia kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitulivu.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha pampu, na aliyekishika alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Yeye na mashine yake waliitwa kwa jina moja: Pampu. Mumewe Vidole alipofariki, kijana huyu alikuwa bado yuko shule. Vidole alimweka nyumbani kwake, akamlipia karo mpaka akamaliza, kisha akamwendea yule mzee wa kwenye picha, enzi hizo akiwa bado mzima, akamwombea kazi. Sasa Pampu alikuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu, lakini mchana bado alikuja kula kwenye benchi la shemeji yake uani, akimtania kuhusu vidole vyake, naye akimtania kuhusu kupata mshahara kwa kutengeneza kitu ambacho hakipo. Utani wa mashemeji hauna mwenyewe, na huu wao ulikuwa umezeeka vizuri.

Mambo yaliharibika kwa swali moja. Bosi Mdogo alipita kwenye chumba cha pampu akiwa na daftari, akauliza ni kitu gani hasa kinachofanya chai isipoe. Katika miaka yote ile Pampu hakuwahi kuulizwa chochote na bosi, isipokuwa kwa nini amechelewa. Kichwa kikamvimba. Akaeleza kwamba ni ombwe: joto linahitaji kitu cha kukanyaga ili lipite, na yeye anaondoa kila kitu, basi joto linabaki limesimama ng'ambo halina daraja. Bosi akauliza, na ile fedha je? Hapo Pampu angeweza kusema hajui. Ni neno fupi na halimgharimu mtu kitu. Badala yake akasema fedha ni ya kupendezesha tu.

Bosi Mdogo aliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Fedha ilikuwa ghali, na mnunuzi haioni, maana kioo hufichwa ndani ya plastiki yenye maua. Kwa nini ukipendezeshe kitu kisichoonekana? Siku mbili baadaye ilibandikwa barua mlangoni kwamba chumba cha fedha kitafungwa mwisho wa mwezi, wanawake watatu waliomo watalipwa stahiki zao, na Pampu atakuwa msimamizi wa idara yote ya nyuma.

Vidole aliisoma barua ile mara tatu huku msichana mrefu akilia begani kwake. Aliogopa, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mama yake mgonjwa alikuwa kitandani kwenye chumba cha pili cha nyumba ya kupanga, na kazi aliyoijua ilikuwa moja, ambayo haikuwako popote pengine mjini. Nani atamwajiri mwanamke wa umri ule ambaye anachojua ni kutingisha chupa? Na juu ya woga kulikuwa na uchungu. Alijua maneno ya barua ile yametoka kinywani mwa nani. Mchana ule Pampu hakuja bencheni. Alikula amesimama, nyuma ya mashine yake.

Kesho yake Vidole alipiga moyo konde akaingia ofisini. Hakuwa na hoja. Alichokuwa nacho ni kauli ya yule mzee, aliyewahi kumwambia kwamba bila fedha hiyo ni chupa ya maji tu. Kwa nini, mzee hakusema, na yeye hakuuliza. Aliomba kitu kimoja: kabla hawajafunga, wapime. Zitengenezwe chupa sita zenye fedha na sita zisizo na fedha, zijazwe maji yanayochemka saa kumi jioni, zifunguliwe saa mbili asubuhi kama wapimavyo siku zote. Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu, na kipimo hakikumgharimu kitu. Akakubali.

Sasa ni lazima nieleze mahali pa kupimia, maana kisa chote kimelala hapo. Kioo kikitoka motoni hupitishwa kwenye tanuri la kupozea, tanuri kubwa la matofali ambalo hukipoza polepole kisipasuke. Tanuri hilo halizimwi. Ukiweka kiganja kwenye matofali yake ya nje, huwezi kuhesabu hadi tano. Kando ya ukuta huo, umbali wa shubiri moja, mzee alijenga rafu ya saruji, nayo ndiyo iliyokuwa rafu pekee iliyonyooka katika kiwanda kizima. Juu yake pana dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo upepo wa baridi hupita hapo usiku kucha, na mzee aliona mahali penye upepo panafaa kwa kipimo kikali. Chupa zimepimiwa hapo tangu kiwanda kianze. Hakuna aliyewahi kupima hapo chupa isiyo na fedha, kwa sababu hazikuwahi kuwepo.

Asubuhi walikusanyika watu kumi. Mpimaji, mzee mwembamba asiyecheka, alitia kipimajoto katika chupa moja baada ya nyingine na kusoma kwa sauti. Zenye fedha zilisoma nyuzi sabini na sita, sabini na saba, sabini na sita. Zisizo na fedha zilisoma sitini na sita, sitini na tano, sitini na saba. Ya mwisho kabisa, ya kumi na mbili, ilisoma arobaini na moja. Mpimaji akaitoa kwenye rafu, akaiweka sakafuni, akaandika kwenye karatasi neno "mbovu". Alisema imeingia hewa, haihesabiwi.

Bosi Mdogo alimimina maji ya chupa isiyo na fedha kwenye kikombe, akagusa kwa mdomo na kuurudisha haraka. Alisema mnywaji haijui tofauti ya nyuzi kumi, chai bado inaunguza ulimi. Alimshukuru Vidole kwa uaminifu wake wa miaka mingi, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa maneno mengine mawili matatu, kisha akatoka. Watu wakatawanyika. Pampu alikuwa wa kwanza kuondoka, na hakutazama upande wa shemeji yake.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba chupa za kupimia huoshwa na chumba cha fedha. Kwa hiyo Vidole alibaki peke yake rafuni, akamwaga maji ya chupa moja moja kwenye ndoo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha yatoke. Joto la matofali lilimpiga shavu la kushoto na upepo wa dirishani ulimpiga la kulia. Aliendelea hivyo mpaka mwisho wa rafu, na hapo ghafla joto la kushoto likakatika.

Alisimama. Akarudi hatua moja, joto likarudi shavuni. Akasogea mbele tena, likakatika tena, palepale, kama mtu anayeingia na kutoka kivulini. Akatazama. Kati yake na tanuri palikuwa na kipande cha bati jipya, kinang'aa, kimeegeshwa ukutani na mafundi waliotengeneza paa wiki iliyopita na kukisahau. Chupa ya kumi na mbili ilikuwa imesimama nyuma ya bati hilo.

Vidole hakuwa msomi, lakini alikuwa ameishi na moto miaka kumi na tisa. Alijua kwamba mlango wa tanuri kubwa ukifunguliwa joto linakufikia usoni papo hapo, kabla hewa haijapata nafasi ya kutembea, na mtu akipita katikati na sinia, linaondoka papo hapo. Alijua hilo kama anavyojua ngazi za nyumba yake gizani, bila kuwahi kuliwaza. Sasa akaliwaza. Hewa ya pale ilikuwa ya baridi, upepo unapita. Kilichompiga shavu hakikuletwa na hewa. Kilitoka kwenye matofali moja kwa moja, kama mwanga utokavyo kwenye taa, na bati likakizuia kama linavyozuia mwanga. Chupa zile tano nyingine zisizo na fedha hazikutunza joto hata kidogo. Zilikuwa zinaota moto usiku kucha, kama wazee.

Aliiokota ile ya kumi na mbili kutoka sakafuni na kukimbia nayo. Wanawake wa umri wake hawakimbii kiwandani, kwa hiyo waliomwona walidhani kuna ajali.

Bosi Mdogo alikuwa uani, anaongea na Pampu kuhusu meza ya msimamizi itawekwa wapi. Jua lilikuwa limeanza kupanda na lilikuwa linawachoma wote wawili utosini. Vidole aliongea akihema, na mwanzoni hakueleweka. Alieleza bati, shavu na matofali. Bosi Mdogo alisema kwamba hata kama joto la tanuri liliruka hewani, chupa zina ombwe, na ombwe halipitishi joto, Pampu ameshaeleza.

Vidole alitazama juu, si kwa maombi, ni kwa kuwa jua lilikuwa linamuumiza macho.

"Bosi, wewe umesoma," alisema. "Kati yetu na lile jua kuna nini?"

"Kuna hewa."

"Mpaka kule kule?"

Bosi Mdogo akafikiri. Alisema hapana, hewa ni ya karibu na dunia tu, ukipanda juu inakwisha, na baada ya hapo hakuna kitu. Safari karibu yote ni tupu.

"Tupu kama ndani ya chupa?"

"Tupu kama hivyo, ndiyo."

"Na wewe unatoka jasho."

Bosi Mdogo alijipangusa paji la uso na kukitazama kiganja chake. Halafu midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Joto husafiri kwa njia tatu, alisema: mpitisho, msafara na mnururisho. Aliyasema kwa mdundo uleule aliokaririshwa akiwa na miaka kumi na miwili. Mpitisho unahitaji kitu cha kupitia. Msafara unahitaji hewa au maji yanayotembea. Mnururisho hauhitaji kitu. Alipata alama zote kwa jibu hilo, na tangu siku ile hakuwahi kulikuta tena popote, mpaka sasa, uani kwake, kwa mwanamke mwenye vidole vyeusi. Ombwe linazuia zile mbili za kwanza. Hii ya tatu inapita.

"Na inapokuta kitu kinachong'aa inarudi," Vidole alisema. "Ndiyo kazi yetu. Si kupendezesha."

Lakini Bosi Mdogo alikuwa na barua mlangoni, na mtu mwenye barua mlangoni harudi nyuma kirahisi. Alisema yote hayo ni sawa kama chupa ile ni nzima. Kama imeingia hewa, kama alivyosema mpimaji, basi imepoa kwa sababu ya hewa, bati halihusiki, na hakuna haja ya kupoteza siku nyingine. Akamgeukia Pampu. Pampu ndiye mwenye kifaa cha kujua. Aangalie.

Wakaenda wote watatu chumba cha pampu. Kifaa chenyewe ni mpini wenye ncha kama sindano inayotoa cheche za umeme. Ukigusisha ncha kwenye kioo, kama ndani kumebaki hewa nafasi ile inawaka rangi ya zambarau. Kama ombwe ni safi, panabaki giza. Rangi hiyo ni hafifu, haionekani kwenye mwanga, kwa hiyo fundi hujifunika kitambaa cheusi, yeye na chupa, kama wapiga picha wa zamani. Anachokiona mle anakiona peke yake.

Vidole alisimama kando ya mlango. Alijua vizuri mambo yalivyo. Pampu akitoka mle na kusema zambarau, hakuna atakayembishia. Atapata meza yake, na maneno aliyoyasema mbele ya bosi yatabaki kuwa kweli. Pia alijua maneno ambayo angeweza kuyasema wakati ule, kuhusu karo, na sahani, na kitanda alichomwachia mwaka ule wa msiba. Yalimfika mpaka kwenye meno. Akayameza, kwa sababu aliona kwamba akiyasema, jibu litakuwa la karo na halitakuwa la chupa.

Cheche zilisikika chini ya kitambaa, zikanyamaza, zikasikika tena. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ile inavyohitaji. Bosi Mdogo alitazama saa yake mara mbili.

Pampu alijifunua. Nywele zake zilikuwa zimesimama upande mmoja kwa ajili ya kitambaa.

"Ni nzima," alisema.

Bosi Mdogo alimwambia afikirie vizuri, na alisema neno "vizuri" polepole, akitazama upande ambao meza ingewekwa.

"Nimeangalia mara mbili, bosi. Ombwe hili nimelitengeneza kwa mkono wangu, na humu hamna hewa hata ya kujaza tundu la sindano." Akashika ndevu zake. "Kama maji yamepoa humu ndani, basi joto limepita kwenye ombwe langu. Nilikwambia jambo nisilolijua."

Kwa fundi yeyote hilo ni neno gumu, na kwa Pampu lilikuwa gumu maradufu. Vidole aliegemea mlango. Bosi Mdogo alisema tu kwamba jioni wapime upya, mbali na tanuri.

Walipima kwenye stoo ya makatoni. Pampu mwenyewe ndiye aliyejaza maji, chupa zote kumi na mbili, akizipanga moja ya fedha, moja isiyo na fedha, ili pasiwe na upande wa kulalamikiwa. Asubuhi mpimaji alisoma kwa sauti ileile isiyocheka. Zenye fedha: sabini na tano, sabini na sita, sabini na tano. Zisizo na fedha: thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na saba. Ile iliyoitwa mbovu ilisoma thelathini na saba kama wenzake. Bosi Mdogo alimimina maji yake kikombeni akayanywa yote bila shida, kama maji ya dukani.

Barua iliondolewa mlangoni kabla ya saa nne. Bosi Mdogo aliwaeleza wafanyakazi habari ya mnururisho kwa dakika ishirini, akisema ni jambo alilolijua tangu utotoni, na kwa kweli hakudanganya. Rafu ya saruji ilipigwa marufuku kwa vipimo. Meza ya msimamizi haikutajwa tena na mtu yeyote, wala Pampu hakuiulizia.

Mchana ule, kabla ya kengele ya chakula, ilisikika hodi kwenye mlango wa chumba cha fedha. Alikuwa Pampu, amebeba sanduku lenye zile chupa sita zisizo na fedha. Msichana mrefu akaacha kuimba. Mama Miwani akajitia kutafuta kitu chini ya meza.

Pampu aliweka sanduku juu ya benchi, akatoa kisu kidogo cha kukatia kioo, akachukua chupa ya kwanza na kuukwaruza mkia wake. Kisha akauvunja kwa dole gumba. Hewa iliingia kwa mlio mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, na ombwe likawa limekwisha. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, kazi yake mwenyewe, mpaka ya sita, ambayo ilikuwa ile ya kumi na mbili. Hiyo aliishika kidogo kabla hajaivunja.

"Zitie fedha, shemeji," alisema. "Halafu nitazinyonya upya."

Vidole alimtazama. Alikuwa ameyaandaa maneno makali tangu siku ya barua, mengine ameyachonga vizuri sana, na sasa alipoyatafuta hakuyaona hata moja. Alichota dawa kutoka kwenye jagi.

"Shika hiyo, uielekeze juu," alisema. "Na usiitingishe kama unachezesha mtoto."

Pampu akashika. Vidole akamimina dawa, kisha maji ya sukari, na ule weupe wa fedha ukaanza kutambaa ukutani kutoka chini kwenda juu mpaka uso wa Pampu ukaonekana humo, mrefu na uliopinda. Hakuwahi kuiona kazi hiyo kwa karibu katika miaka yote aliyokaa mlango wa pili. Chupa ya mwisho ilipokuwa inamwagwa, tone moja lilimdondokea kwenye dole gumba. Vidole aliliona, akampa kitambaa. Pampu alikipokea kitambaa, akafutia benchi.

Kesho yake alikuja na chakula chake uani, akakaa mahali pake pa zamani. Walizungumza habari za mama mgonjwa, na bei ya vitunguu. Jua lilikuwa kali. Walipofika katikati ya sahani, Vidole aliona doa kwenye dole gumba la shemeji yake, jeusi, limeiva sawasawa.

"Hilo halitoki," alimwambia.

"Najua," alisema Pampu, akasogeza sahani yake karibu na ya shemeji yake, akaendelea kula.